Debe Likilazwa

Miwa haikatwi ikiwa na majani yake. Majani hayo hukata kama wembe, na chini yake nyoka hupenda kulala, kwa hiyo kabla wakataji hawajaingia na mapanga, kitalu huchomwa. Majani huteketea, muwa hubaki umesimama, mweusi, na sukari yake ndani. Na kabla ya kuchomwa, lazima mtu mmoja akizunguke kitalu chote akipiga debe, ili aliyemo atoke: mwenye kuokota kuni, mlevi aliyelala, mwizi wa miwa. Kwa miaka kumi na mmoja, mtu huyo alikuwa marehemu mwenye habari hii.

Watu wa laini, makazi ya wafanyakazi wa shamba, walimwita Mpiga Debe. Wenye utani walisema hawajapata kuona mpiga debe anayefukuza abiria badala ya kuwaita. Yeye alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, na ajabu ni kwamba mtu mpole kama yeye ndiye alipewa kazi ya kupiga kelele. Mambo ya siku yake ya mwisho kazini aliyasimulia mara moja tu maishani mwake, na hakuyasimulia kwa kujitetea.

Kazi yenyewe ilikuwa na desturi yake. Mpiga debe huzunguka pande nne, moja baada ya nyingine, akipiga kwa gongo la mti na kuita kila hatua kumi. Akimaliza humwendea mnyapara, analigeuza debe mdomo chini, analilaza ardhini mbele ya miguu yake. Hakuna neno linalosemwa. Debe likiwa mkononi, hata meneja hawezi kuamuru moto. Debe likilazwa, maana yake kitalu hakina mtu, na mwenye moto anawasha. Ilianza hivyo baada ya mama mmoja mpalizi kuungulia ndani, zamani, kabla ya marehemu kuajiriwa. Mama huyo alikuwa ameingia kumnyonyesha mtoto kivulini. Watu wa laini hawakupenda kuizungumza habari hiyo, lakini kila mtoto aliyezaliwa pale aliijua kabla hajajua kuhesabu.

Laini zilikuwa safu za vyumba kumi na viwili kila moja, ukuta mmoja kati ya chumba na chumba, na ukuta wenyewe haukufika kwenye bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, pole inatoka chumba cha tano. Chumba cha marehemu kilikuwa hatua nne kwa hatua nne. Ndani yake walilala yeye, mke wake, mama yake mzazi aliyekuwa mgonjwa wa kifua, na watoto wanne. Pazia la magunia liligawa chumba mara mbili, na marehemu alikuwa akiwaambia wageni kwamba upande wa pili ni ghorofani. Bomba la maji lilikuwa moja kwa vyumba arobaini na vinane. Chumba hakikuwa cha mtu, kilikuwa cha kazi. Kazi ikiisha, chumba kimeisha, na nafasi ya mtoto katika shule ya shamba imeisha pia.

Binti yake wa kwanza alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la mwisho. Jina lake la nyumbani lilikuwa Karani, kwa sababu tangu akiwa na miaka tisa ndiye aliyewaandikia barua watu wa laini tatu. Wazee walikuja na karatasi zao, wakakaa kwenye kindoo, wakamwambia andika hivi, na yeye akawauliza, babu, unataka niandike ulivyosema au ulivyomaanisha? Mwalimu mkuu alimwambia marehemu kwamba katika watoto tisini wa darasa lile wako watatu ambao mtihani unaweza kuwatoa hapa, na Karani ndiye wa kwanza wao.

Lakini atasoma wapi? Shuleni walitolewa saa tisa, na darasa likafungwa. Chumbani bibi anakohoa, wadogo wanalia, chumba cha jirani kuna redio, cha jirani wa pili kuna ugomvi. Karani alijaribu kusoma nyuma ya vyoo. Alijaribu kusoma bombani. Siku moja baba yake alimkuta amejifunika blanketi kichwani mchana wa jua kali, kitabu ndani, jasho linamtiririka. Hapo marehemu alipata wazo. Lilikuwa wazo la mapenzi, na kama mawazo mengi ya mapenzi lilikuwa na shimo katikati.

Yeye peke yake, ukimtoa mnyapara, alijua leo kitachomwa kitalu kipi na kesho kipi. Na yeye peke yake, kwa kuzunguka miaka yote ile, alijua kwamba ndani ya kitalu cha sita na ndani ya kitalu cha kumi na nne kuna vichuguu, na juu ya kichuguu miwa haioti. Panabaki uwazi wa ukubwa wa mkeka. Hapana redio pale, hapana mtu, kuna upepo tu juu ya majani. Alimpeleka binti yake mwenyewe, wakipitia upande wa mfereji ambako hakuna barabara. Akamtandikia gunia la mbolea.

Mtoto aliyekamatwa ndani ya miwa alifukuzwa shule siku hiyo hiyo. Sheria hiyo ilibandikwa mlangoni pa ofisi na wanyapara hawakuwa na mchezo nayo. Kwa hiyo wakapatana. Kila jioni marehemu angemwambia kitalu cha kesho, na Karani angekwenda kwenye kingine. Halafu akamwekea sharti, akamtaka alirudie kwa mdomo wake mwenyewe: "Ukisikia debe, usitoke. Mimi nikipiga debe si kwako, ni kitalu kingine, na wanyapara wote wako barabarani. Wewe tulia tu mpaka kimya kirudi, kisha utoke kwa mfereji."

Karani alirudia. Alikuwa mtoto wa kushika maneno.

Walifanya hivyo kwa miezi miwili na hakuna aliyejua, hata mama yake, aliyedhani mtoto yuko shuleni na mwalimu.

Zikabaki siku kumi na moja mtihani ufike. Jioni iliyotangulia marehemu alikuwa amemwambia binti yake, kesho wanachoma cha tisa, wewe nenda kumi na nne. Cha tisa na cha kumi na nne vilitenganishwa na barabara ya udongo tu, ila yeye hakuona tatizo. Barabara ilikuwa pana na upepo wa siku hizo ulikuwa ukielekea upande mwingine.

Saa kumi alasiri, siku yenyewe, alipanda tela pamoja na kikosi cha moto. Walikuwa watu saba. Mnyapara aliitwa Saa Mbovu, kwa sababu saa yake ya mkononi kila wakati ilimwambia kwamba mmechelewa. Mwenye moto aliitwa Kiberiti, mtu mnene mwenye maneno mengi, anayebeba mkebe wa mafuta wenye utambi mrefu. Njiani Kiberiti alikuwa akisimulia habari za mkwewe aliyekuja kwa siku tatu na sasa ana mwezi wa nne, anajua hata sufuria ipi inavuja. Marehemu alicheka. Alikumbuka baadaye kwamba alicheka, na kwamba wakati anacheka tela lilikata kona ambayo halikupaswa kukata.

Alidhani wanazunguka matope. Aliuliza. Saa Mbovu akasema trekta la maji limezama kwenye njia ya kitalu cha tisa tangu mchana, na kiwanda hakiwezi kulala bila miwa. Wanachoma kumi na nne.

Marehemu aliona kibao. Nguzo ya mti, namba mbili za rangi nyeupe. Aliteremka na debe lake na gongo lake.

Alijaribu kufikiri. Pengine hakuja leo. Pengine mwalimu amewazuia kwa sababu mtihani umekaribia, mwalimu alikuwa amesema atawazuia siku moja moja. Pengine bibi amezidiwa na mama yake amemwita. Akatafuta pengine nyingine, akazipata nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa na uzito wa unyoya.

Angeweza kusema palepale. Sentensi moja tu, maneno matatu: mtoto wangu yumo. Lakini ukiyasema, umemfukuzisha shule kwa mdomo wako, siku kumi na moja kabla ya mtihani, na wewe mwenyewe umekwisha, maana mpiga debe anayeficha mtu ndani ya miwa ni nani tena? Na kama hayumo, umeyasema bure. Akaamua apige debe kwanza. Atasikia, atatoka, hakutakuwa na neno.

Akaanza upande wa barabara. Alipiga mapigo manne, matano, ndipo akasimama kama mtu aliyekanyaga msumari.

Kila pigo lilikuwa likimwambia tulia.

Debe lile lililokuwa limewatoa walevi na wezi kwa miaka kumi na mmoja, kwa mtu mmoja tu duniani lilikuwa na maana nyingine, na maana hiyo ni yeye, baba, aliyemfundisha. Kadiri atakavyopiga kwa nguvu ndivyo mtoto atakavyokaa kwa utulivu, afungue ukurasa mwingine, aseme moyoni, baba yuko kazini.

Akaacha kupiga. Saa Mbovu akamwita, kuna nini? Akasema gongo limeteleza. Akaanza tena, maana asipopiga ataulizwa. Na safari hii badala ya kuita kama siku zote, tokeni, tokeni, moto, akaita namba. "Kumi na nne! Kumi na nne leo!" Aliita mpaka koo likachanika. Kwa nyuma alimsikia Kiberiti akiwaambia wenzake kwamba mzee ameanza kuuza tiketi za bahati nasibu, na watu wakacheka.

Upande wa pili, akaita. Upande wa tatu, upepo ulikuwa ukimpiga usoni na kumrudishia sauti kinywani. Miwa ilikuwa na urefu wa watu wawili, mmoja juu ya mwingine, imefungamana, na sauti ya mtu haipenyi hatua thelathini ndani yake. Debe hupenya. Sauti haipenyi. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana kukawa na debe.

Upande wa nne ulikuwa wa mfereji. Hapo alitafuta nyayo. Ukingo ulikuwa na matope na juu ya matope kulikuwa na nyayo nyingi, za mbwa, za wapalizi, za viatu, za miguu mitupu, nyingine za leo, nyingine za jana. Akachungulia ndani. Akaita jina lake, si la utani, lile jina lake hasa, kwa sauti ya mtu anayeita ndani ya nyumba. Majani yalisuguana. Akangoja. Akaita tena, kidogo zaidi. Alitaka kuingia, akaweka mguu mmoja ndani ya safu, na hapo filimbi ya mnyapara ikalia, kwa kuwa upepo ulikuwa unaanza kugeuka.

Akarudi kwa Saa Mbovu.

Mnyapara alikuwa ameinua mkono wenye saa. Kiberiti ameshawasha utambi, ameshika mkebe mbali na mguu wake. Wote walikuwa wakilitazama debe, si yeye. Marehemu alisema kwamba muda ule haukuwa mrefu. Mtu angeweza kumeza mate mara tatu. Katika muda huo alijiambia: amesikia namba. Ana akili, yule. Amesikia namba akatoka kwa mfereji wakati mimi niko upande wa pili, saa hii yuko bombani anateka maji. Alimwona kabisa, na ndoo ya njano.

Akaligeuza debe mdomo chini, akalilaza.

Kiberiti akaondoka bila haraka.

Moto wa miwa huanzia upande upepo unakoelekea, ili uungue polepole ukirudi dhidi ya upepo. Kisha huwashwa mbavu mbili. Mwisho upande upepo unakotoka, na huo ukishawashwa, mioto yote hukimbiliana katikati na kitalu kizima huisha kabla mtu hajamaliza sahani yake. Marehemu alisimama karibu na debe akaona moshi wa kwanza ukipanda kule mbali, mweupe, mwembamba kama wa jiko. Akasikia majani yakipasuka. Akaona panya wa miwa wawili wakivuka barabara, na ndege wadogo wakitoka kwa makundi. Akamwona Kiberiti anakata kona na kuinamisha mkebe kwenye ubavu wa kwanza.

Na lile wazo la ndoo ya njano likamtoka. Hakujua kwa nini. Lilitoka tu, kama mtu anayeondoka chumbani, na nyuma yake hakukubaki kitu.

Alikimbia. Hakupita upande wa mfereji kwa kuwa ulikuwa mbali. Aliingia moja kwa moja mbele yake, mikono mbele ya macho, na majani yakamkata masikio na vidole. Nyuma alisikia filimbi, halafu filimbi nyingine, na sauti ya Saa Mbovu ikimtukana, kisha ikimwita Kiberiti. Ndani mlikuwa na giza la kijani na joto. Moshi ulikuwa unaingia chini chini, kwenye mashina, kama maji. Hakuweza kuona kichuguu. Miaka kumi na mmoja, na hakuweza kujua kiko kushoto au kulia, kwa maana siku zote aliingia kwa mfereji. Akaita Karani. Akapiga kelele Karani, Karani, na moto sasa ulikuwa na sauti kubwa kuliko yake, sauti kama lori linalomwaga kokoto.

Alimkuta kwa kumkanyaga. Alikuwa amekaa juu ya gunia, chini ya kichuguu, magoti kifuani, kitabu ndani ya gauni. Macho yake yalikuwa wazi na yalikuwa yakitoa machozi ya moshi. Hakulia wala hakusogea. Alikuwa ametulia.

Akamwinua, wakaenda kwa mfereji, kwa sababu kutoka pale njia aliijua. Ubavu wa upande ule ulikuwa haujawashwa. Kiberiti alikuwa amesikia filimbi ya pili akautupa mkebe wake ndani ya maji, na kwa hilo marehemu alimtaja kwenye dua zake mpaka anakufa. Walitokea kwenye ukingo, wakaangukia mferejini mpaka kifuani, na kikosi kizima kikawa kimewazunguka.

Saa Mbovu alikuwa mkali lakini hakuwa mtu mbaya. Alimtoa mtoto majini kwa mikono yake, akamfuta masizi usoni kwa kofia yake, kisha akamwuliza, na aliuliza kwa upole, "Hukusikia debe, mwanangu?"

"Nilisikia," Karani akasema.

"Sasa mbona hukutoka?"

"Baba alisema nikisikia debe nitulie."

Moto ulikuwa ukiendelea nyuma yao upande ule ulioshika. Kiberiti alitazama chini. Saa Mbovu akamgeukia marehemu na kumtazama muda mrefu, halafu akatazama kule barabarani, ambako debe lilikuwa bado limelala mdomo chini, peke yake.

Ofisini haikuchukua muda. Meneja aliuliza maswali mawili, na marehemu akajibu yote mawili kwa ndiyo. Walipewa mpaka Jumamosi kutoka chumbani. Karani aliondolewa shuleni, lakini mwalimu mkuu alikwenda mwenyewe ofisini, akasimama mlangoni mpaka akaitwa, akaeleza kwamba mtahiniwa ana namba tayari na namba haihamishwi. Wakakubali aje siku tatu za mtihani tu, aingie na kutoka.

Katika laini watu walisema walivyotaka. Wengi walisema mtoto ndiye mkaidi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Marehemu aliyasikia hayo kupitia ukuta, usiku na mchana, na kila mara aliposikia aliinamisha kichwa, maana mtoto alisikia la mkuu, na alilisikia sawasawa. Mke wake hakumgombeza. Alifunga vyombo. Alimwuliza jambo moja tu, kama ni kweli wanavyosema kwamba alikuwa amelilaza. Akasema ni kweli. Mkewe akaendelea kufunga vyombo.

Walihamia kwa shemeji yake, kaka wa mke, nje ya shamba, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Waliwekwa katika banda lililokuwa la mbuzi. Shemeji aliwaambia kwa utani kwamba mbuzi hawakuwahi kulalamika. Karani alisoma pale, mchana kutwa, mlangoni. Alizungumza na watu wote kama kawaida. Na baba yake alizungumza naye kama kawaida, marahaba asubuhi, karibu chakula, lakini kila alipomwambia jambo, hata dogo, kwamba mvua haitanyesha, kwamba maji haya ni safi, mtoto aliangalia kwanza mwenyewe.

Siku ya kwanza ya mtihani waliondoka alfajiri, wao wawili. Barabara ya kwenda shule ilikatiza katikati ya shamba, miwa kushoto, miwa kulia, mwendo wa karibu saa nzima. Jua lilikuwa limetoka walipoanza kuiingia. Karani alitembea katikati ya barabara kabisa, kalamu mbili mkononi, na hakuutazama upande wowote.

Walipofika karibu nusu, debe likalia.

Mpigaji alikuwa mgeni, mapigo yake hayakuwa na mpango. Yalikuwa mahali fulani mbele yao, na upepo uliyachukua na kuyarudisha, mara yanatoka kushoto, mara kulia. Karani akasimama.

"Twende, mama," baba yake akamwambia. "Hicho ni kitalu cha mbali."

"Umejuaje?"

Hakujua. Kwa miaka kumi na mmoja alijua kila jioni, na sasa alijua kidogo kuliko hata mpalizi wa siku moja.

Wakangoja. Debe likapigwa, likapigwa, likakoma. Kimya kilichofuata hakikuwa kizuri. Karani alikuwa ameyakaza macho mbele.

"Siku ile," akasema, bila kumtazama, "uliponyamaza, nilijua umelilaza. Kila mtu anajua. Nikasikia majani yanaanza. Nikataka kukimbia, nikasema hapana. Baba hawezi kulaza kama mimi nimo."

Marehemu aliangalia vumbi la barabara.

"Nililaza," akasema.

"Ulijua nimo?"

"Sikuwa na hakika."

"Na ukalaza."

"Nikalaza."

Alidhani atalia, au atamgeuzia mgongo arudi kwa mama yake na mtihani uishe hapo. Ndiyo hofu aliyokuwa nayo, kubwa kuliko ile ya moto, kwa kuwa kwenye moto kulikuwa na mahali pa kukimbilia. Lakini mtoto hakulia. Aliinama, akachota vumbi kwa mkono usio na kalamu, akaliinua juu na kuliachia, akatazama linakokwenda. Kisha akatazama juu ya miwa, polepole, kushoto, mbele, kulia, mpaka akauona moshi. Ulikuwa kulia, vitalu viwili mbele, na upepo ulikuwa unaupeleka mbali na barabara.

Akakung'uta mkono kwenye sketi.

"Tukienda haraka tutapita kabla ubavu wa barabarani haujawashwa," akasema, na akaanza kwenda.

Yeye akamfuata. Hakuthubutu kutembea sambamba naye. Walipokifikia kitalu chenyewe joto liliwapiga shavuni na majivu meusi yakawaangukia mabegani, na Karani hakukimbia wala hakupunguza mwendo. Midomo yake ilikuwa ikienda, kama mtu anayerudia hesabu. Baba alikuwa hatua kumi nyuma, akiyasikiliza majani, akihesabu pia.

Walifika shuleni saa mbili kasoro dakika chache. Watoto walikuwa wamepangwa mstari. Mwalimu mkuu akamwonyesha Karani mahali pake, naye akaingia. Marehemu hakuruhusiwa kupita lango, hakuwa mtu wa shamba tena. Akakaa ng'ambo ya barabara kivulini mwa ua wa miti, akangoja mpaka mchana walipotolewa.

Siku ya pili walikwenda hivyo hivyo, na siku ya tatu, mtoto mbele, baba nyuma.